Tui, Tembo na Sake: Msamiati wa Kiswahili Mbele ya Kinywaji cha Fushimi

Utangulizi

Imezoeleka miongoni mwa wafasiri kwamba Kiswahili kinapokutana na kitu kigeni, sharti kitu hicho kipitie Kiingereza kwanza ndipo kipewe jina. Makala haya yanaipima dhana hiyo kwa mfano mdogo ambao haujazoeleka katika majarida ya lugha, nao ni sake nyeupe ya Kijapani yenye mashapo ya mchele na viputo vya hewa, ambayo wenyeji huiita nigorizake. Hoja inayotetewa ni kwamba mtu anayekionja kinywaji hiki kwa ulimi wa Mswahili, akikumbuka tui la nazi na tembo la mnazi, hukieleza kwa usahihi zaidi kuliko yule anayekisoma kwenye kijitabu cha watalii kilichoandikwa kwa Kiingereza na kukitafsiri neno kwa neno. Kwamba mfano wenyewe ni kileo ni jambo la sadfa tu. Msomaji asiyekunywa hatapungukiwa na lolote katika hoja hii, na mwishoni mna kinywaji chake pia.

Msafiri Fushimi

Kiswahili kimefundishwa mjini Osaka kwa miaka mingi, awali katika Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Osaka, ambacho mwaka 2007 kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Osaka. Kwa hiyo si jambo la ajabu kumkuta Mswahili katika sehemu hizo. Achukuliwe basi msafiri mmoja wa namna hiyo, ambaye siku ya mapumziko anapanda treni ya Keihan kuelekea Kyoto na kushuka njiani katika kituo cha Chushojima. Safari haifiki hata saa moja. Hapo ndipo Fushimi, mtaa wa kusini mwa Kyoto unaosifika kwa maji yake ya chini ya ardhi na kwa sake inayotokana na maji hayo.

Anatembea kando ya mfereji wenye miti inayoinamia maji. Upande mmoja yamepangana maghala marefu ya zamani yenye kuta za mbao zilizounguzwa hadi zikawa nyeusi. Kwenye upenu wa ghala moja limening'inia tufe kubwa la matawi ya mwerezi. Msafiri hulidhani pambo, kumbe ni tangazo: tufe linapotundikwa likiwa bado kijani, sake mpya ya msimu imekamuliwa; kadiri linavyokauka na kugeuka kahawia ndivyo sake inavyozidi kukomaa. Kwa mtu wa pwani hili halina ugeni mkubwa, kwani hata kwao mlevi hahitaji kibao chenye maandishi ili ajue tembo linauzwa wapi.

Ni majira ya baridi, wakati wa kutengeneza sake. Katika duka dogo msafiri anaona ndani ya jokofu chupa zilizosimamishwa wima, chini zina tabaka nene jeupe na juu maji maangavu. Anainyoosha mkono kuichukua moja na kuitikisa, kama mtu afanyavyo na chupa ya maziwa lala. Muuzaji, mama wa makamo, anamzuia upesi kwa viganja vyote viwili. Kisha anamwonyesha kizibo: kina tundu dogo la kupumulia. Kinywaji hiki ki hai. Hakikupashwa moto ili kuua hamira iliyomo, na kwa sababu hiyo hamira inaendelea kula sukari na kutoa hewa ndani ya chupa.

Kuifungua kwenyewe ni kazi ya subira. Mama yule anakilegeza kizibo kidogo tu. Mara viputo vinapanda kutoka chini vikibeba mashapo, na ile chupa iliyokuwa na tabaka mbili inaanza kuwa nyeupe yote, pasipo mtu kuitikisa. Povu linapokaribia shingo anakikaza tena kizibo, anasubiri lishuke, kisha anakilegeza mara nyingine. Anarudia hivyo mara nyingi kiasi cha kumchosha mgeni. Mwenye pupa huipoteza nusu ya chupa sakafuni.

Hatimaye kinamiminwa kikombe. Rangi ni ya tui la kwanza. Harufu ni ya wali uliotoka kuiva, pamoja na kitu kama ndizi mbivu. Kinapogusa ulimi viputo huutekenya, na nyuma yake huja uzito laini unaofanana na uji wa mchele uliopoa, na chembe ndogo za mchele zinazosagika kwa ulimi bila kutafunwa. Utamu hutangulia, halafu uchachu, halafu ukali unaoshuka kooni polepole. Msafiri anataka kuwaandikia wenzake nyumbani alichokionja, na ni hapo kwenye barua yake ambapo tatizo la lugha linajitokeza.

Kimea, ukungu na jina la jumla

Kwanza, kiitweje? Neno "sake" katika Kijapani humaanisha kileo chochote, hata bia. Kinywaji hiki mahususi, wenyeji wakitaka kukitenga na vingine, hukiita nihonshu, yaani kileo cha Japani, au kwa lugha ya kisheria seishu, yaani sake angavu. Vitabu vya watalii hukiita "divai ya mchele", na vichache vikajaribu "bia ya mchele". Majina yote mawili yana kasoro, na kasoro hizo zinaonekana mara tu utengenezaji unapoeleweka.

Zabibu ina sukari tayari. Hamira huigeuza sukari hiyo kuwa kileo mara moja. Utomvu wa mnazi uko vivyo hivyo, na ndiyo maana mgema hushuka na kibuyu ambacho tayari kimeanza kutoa povu. Nafaka haina sukari bali wanga, na wanga sharti uvunjwe kwanza. Katika busaa ya magharibi mwa Kenya kazi hiyo hufanywa na kimea, yaani wimbi lililoloweshwa likaachwa lichipue, kisha likakaushwa na kusagwa. Bia nayo hutumia kimea cha shayiri. Mchele wa sake hauwezi kuwa kimea hata ukiloweshwa mwezi mzima, kwa sababu umekobolewa mno. Kiini cha kuchipua kimekwisha kuondolewa, na aghalabu theluthi nzima ya punje au zaidi imekwenda pamoja nacho.

Wajapani huuvunja wanga kwa njia nyingine. Mchele huloweshwa, hupikwa kwa mvuke, kisha hutandazwa katika chumba chenye joto na kunyunyiziwa mbegu za ukungu ambao wanasayansi huuita Aspergillus oryzae. Baada ya siku mbili hivi punje huwa zimefunikwa na utando mweupe wenye harufu tamu. Mchele huo ndio koji. Jumuiya ya wataalamu wa utengenezaji wa vileo ya Japani iliutangaza ukungu huo mwaka 2006 kuwa ukungu wa taifa, na mnamo Desemba 2024 ujuzi wa kutengeneza sake na vileo vingine kwa koji uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kwa hiyo kamusi inayoitafsiri koji kuwa "kimea" inakosea jambo la msingi: kimea ni nafaka inayojivunja yenyewe, ilhali koji ni nafaka inayovunjwa na kiumbe kingine.

Koji, mchele uliopikwa, maji na hamira huchanganywa kwa awamu tatu katika muda wa siku nne. Siku ya pili huwa ya mapumziko, nayo huitwa odori, yaani ngoma, kwa kuwa hamira huachwa icheze na kuongezeka. Katika pipa lile lile ukungu huendelea kuugeuza wanga kuwa sukari huku hamira ikiigeuza sukari kuwa kileo, mambo mawili kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu mchanganyiko huo huweza kufikia kiwango cha kileo cha karibu asilimia 20, ambacho bia ya kawaida haikikaribii. Sake nyingi hutiwa maji baadaye ili ishuke hadi asilimia 15 au 16. Mgema wa methali angeshangaa kusikia kwamba huku tembo hutiwa maji hadharani na hakuna anayelalamika.

Jina la jumla linalofaa basi ni "pombe ya mchele", kwa kuwa katika matumizi ya asili pombe ni kinywaji cha nafaka na tembo ni kinywaji cha mnazi. Tofauti hiyo Kiswahili kilikuwa nayo kabla ya kuikopa mvinyo kutoka kwa Wareno na divai kutoka kwa Wafaransa. Koji na ibaki koji.

Kitenzi kimoja cha sheria

Sasa kuhusu weupe wake. Tafsiri inayotokea mara kwa mara ni "sake isiyochujwa". Inasikika vizuri lakini si kweli, na kosa lake si dogo.

Mwaka 1899 serikali ya Japani ilipiga marufuku utengenezaji wa vileo majumbani, kwa sababu kodi ya vileo ilikuwa miongoni mwa nguzo kuu za mapato yake. Wakulima walikuwa na kinywaji chao kizito kisichochujwa kabisa, doburoku, na marufuku hiyo ikakifanya kuwa kitu cha kufichwa. Kilibaki kihalali katika baadhi ya mahekalu tu, kama yale ya Shirakawa, ambako hadi leo hutolewa kwa waumini katika sherehe za mavuno. Ni tangu mwaka 2003 ambapo maeneo maalumu yaliruhusiwa kukitengeneza tena chini ya masharti nafuu.

Sheria ya kodi ya vileo ya mwaka 1953, kwa upande wake, inaieleza seishu kuwa kinywaji kilichochachushwa kutokana na mchele, koji na maji, kisha kikachujwa. Kitenzi ni kosu, kuchuja. Kisichochujwa hakiwezi kuitwa seishu mbele ya sheria. Katika miaka ya 1960 kiwanda cha Masuda Tokubee cha hapo hapo Fushimi, kilichoanzishwa mwaka 1675 na kinachotoa sake iitwayo Tsukinokatsura, kilikipitia kitenzi hicho kwa makini. Sheria ilitaka kichujwe. Haikutaka kiwe kiangavu. Kikatumika kichujio chenye matundu mapana, kinachozuia punje nzima na kupitisha chembe laini. Kinywaji kikatoka cheupe, kina povu, na ni halali. Viwanda vingine vikafuata.

Mswahili yeyote aliyewahi kukuna nazi anaielewa tofauti hii bila maelezo marefu. Nazi iliyokunwa hukamuliwa ndani ya kifumbu. Tui hupita na machicha hubaki. Hakuna anayesema kwamba tui halikuchujwa kwa sababu tu ni jeupe. Kwa hiyo nigorizake inasimama mahali pa tui, doburoku ni nazi iliyokunwa na kutiwa maji kabla ya kukamuliwa, na makapi ya mchele yanayobaki baada ya kukamua, ambayo Wajapani huyaita kasu na kuyatumia kupikia supu na kuhifadhia samaki, ni machicha. Waluhya nao wanajua namna ya tatu: busaa ya chungu hunywewa kwa mrija wenye kichujio kwenye ncha, na hapo kuchuja hufanywa na mnywaji mwenyewe.

Je, basi iitwe "sake ya tui"? Jina hilo lina mvuto lakini litapotosha, kwa kuwa wali wa tui ni wali uliopikwa kwa tui, na msomaji atatafuta nazi ndani ya chupa. "Sake ya ukungu" nalo lina mtego wake. Ukungu katika Kiswahili ni ule wa asubuhi unaofunika vilima vya Limuru, na pia ni ule unaoota kwenye mkate uliochacha. Anayelenga ule wa kwanza ataeleweka kwa wa pili, na mteja atairudisha chupa dukani. Ni kichekesho kwamba maana ya pili ndiyo iliyo ya kweli zaidi, kwani pasipo ukungu sake yoyote haipo, hata ile iliyo angavu kama maji ya mtungi.

Maji yanayotibuka, sauti zinazotibuka

Kitenzi cha Kijapani nigoru, ambacho nigori ni nomino yake, husemwa juu ya maji ambayo matope yake yameinuka. Kiswahili kina kitenzi hicho hicho: kutibuka. Maji yaliyotulia hutibuliwa na mguu wa mpitaji. Mashapo ya sake hutibuliwa na viputo. Ulinganifu ni kamili, isipokuwa kwamba katika Kiswahili kutibuka kumeegemea upande wa ubaya (mambo yakitibuka hakuna anayefurahi) na jina "sake iliyotibuka" lingehitaji kutetewa kila mara.

Lakini kitenzi hiki kina jambo jingine ambalo wanafunzi wa fonolojia watalifurahia. Alama ya Kichina inayoandika nigoru ndiyo inayotumiwa na wanasarufi wa Kijapani kwa konsonanti ghuna: g, z, d na b huitwa dakuon, "sauti zilizotibuka", ilhali k, s, t na h huitwa seion, "sauti angavu". Na alama ya sei katika seion ndiyo ile ile ya seishu. Kwa maneno mengine, Kijapani huziainisha sauti na sake zake kwa jozi moja ya alama. Anayeandika silabi ka na kutaka iwe ga huongeza vistari viwili vidogo kwenye pembe, na silabi imekwisha kutibuka.

Zaidi ya hayo, jina la kinywaji chenyewe hulionyesha badiliko hilo. Nigori na sake zinapoungana hazitoi *nigorisake bali nigorizake. S imekuwa z. Mchakato huu wa neno la pili katika ambatano kuanza kwa konsonanti ghuna huitwa rendaku, na daku yake ni kule kule kutibuka. Sauti imetibuka ndani ya jina la kinywaji kilichotibuka. Kuna mpaka, hata hivyo. Neno la pili likiwa tayari lina kizuiwa au kikwamizwa ghuna ndani yake, badiliko huzuiwa: kaze, upepo, hubaki na k yake katika kamikaze kwa sababu ya z iliyomo. Kanuni hii hutajwa kwa jina la Benjamin Smith Lyman, mwanajiolojia wa Marekani aliyeitwa Japani katika miaka ya 1870 kutafuta makaa ya mawe na mafuta, akaandika juu ya suala hili mwaka 1894. Wataalamu wa Kijapani walikuwa wameligundua kabla yake, lakini jina likamwendea mgeni, kama inavyotokea.

Wanafunzi wa isimu ya Kibantu wataikumbuka Kanuni ya Dahl. Katika Kikuyu, k ya kiambishi hugeuka g inapofuatwa na silabi yenye konsonanti sighuna. Jina lenyewe Gĩkũyũ ni ushahidi. Kijapani hakitaki ghuna mbili katika neno moja. Kikuyu hakitaki sighuna mbili zikifuatana. Lugha mbili zisizo na undugu wowote zinakimbia kitu kile kile, yaani kurudiwa kwa sifa moja, zikielekea pande tofauti.

Ladha

Hapa ndipo kupitia Kiingereza kunapodhuru zaidi. Sake isiyo na sukari nyingi Wajapani huiita karakuchi, na Waingereza huifasiri kwa neno lao la ukavu, kama wafanyavyo kwa divai. Mfasiri wa Kiswahili anayefuata njia hiyo ataandika "sake kavu", na msomaji atajiuliza kimiminika hukaukaje. Kumbe karai ya Kijapani ni sifa ya pilipili na ya kileo kisicho na utamu. Hiyo ndiyo "kali" ya Kiswahili hasa: pilipili kali, tembo kali. Wagema wamekuwa wakitenga tembo tamu la asubuhi na tembo kali la jioni tangu zamani. Istilahi ilikuwepo, ilikosa tu kuulizwa.

Neno "tamu" lina tatizo la kinyume. Kijapani hutenga amai, tamu kama sukari, na umai, tamu kwa maana ya kupendeza ulimini. Kutokana na umai mwanakemia Kikunae Ikeda aliunda mwaka 1908 istilahi ya umami, ladha ya mchuzi mzito. Kiswahili huyabeba yote kwa neno moja, ndiyo maana mchuzi wa samaki huitwa mtamu pasipo kutiwa chembe ya sukari. Msafiri akiandika kwamba sake yake ilikuwa tamu, wenzake hawatajua alimaanisha lipi. Kitenzi "kukolea" kinaweza kusaidia kwa umami, ingawa chenyewe husema zaidi juu ya kiasi cha viungo kuliko aina ya ladha.

Kuhusu viputo, neno la Kijapani awa hujumuisha povu la juu na viputo vya ndani, ilhali Kiswahili huvitenga. Utengaji huo una faida. Sake za viputo ni nyingi siku hizi: kiwanda cha Ichinokura cha mkoa wa Miyagi kilitoa Suzune mwaka 1998, nyepesi na tamu, nyingine hutiwa hewa kwa mashine kama soda. Mwaka 2016 ulianzishwa muungano wa viwanda unaosimamia jina "awa sake", na miongoni mwa masharti yake ni kwamba hewa itokane na uchachukaji wenyewe na kwamba kinywaji kionekane kiangavu. Kwa sharti hilo chupa ya yule mama wa Fushimi haihesabiki kuwa awa sake, pamoja na povu lake lote. "Sake ya mashapo yenye viputo" inasema kilichomo bila kugusa jina la muungano wowote, na kati ya majina yaliyopimwa hapa ndilo lenye madhara machache zaidi. Litapingwa na wale wanaoona kwamba mashapo ni kitu cha kumwagwa.

Asiyekunywa kileo anaweza kumwomba mama huyo amazake. Jina lina sake ndani yake, na s imetibuka vile vile, lakini ile inayotokana na koji na wali pekee haina kileo cha kutajika: ni nyeupe, nzito, tamu kwa sukari ambayo ukungu umeitoa katika wanga, na wakati wa baridi hunywewa moto. Watanzania wana togwa, ambayo hutumia kimea mahali pa koji na hunywewa hata na watoto.